Sura ya Saba: Mdomo wa Anayeacha Dawa za Sonona

Hakuna dawa ya sonona inayonyonya kalsiamu ya meno. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloulizwa kuliko jambo lingine lolote, na kwa sababu uvumi huo unaumiza watu. Mtu ametumia dawa kwa miaka, meno yanaanza kutoboka, jirani anamwambia dawa hizo zinakula mifupa, naye anazitupa zote siku hiyohiyo. Siku chache baadaye ana kizunguzungu, hapati usingizi, taya linamuuma na meno yanamfanya ganzi. Sasa anaambiwa ni sumu inayotoka mwilini, au amerogwa, au jino limeingia mdudu. Hakuna hata moja lililo kweli katika hayo, na kila moja lina mtu wa kuliuzia dawa.

Sura hii nimeigawa mafungu matatu: dawa inavyofanya mdomoni wakati inatumiwa, yanayotokea ikikatwa, na namna ya kuiacha kwa usalama.

Tuanze na mate. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, karibu yote akiwa macho. Usingizini tezi hupumzika. Wengi huyaona mate kuwa maji ya kulainishia chakula tu. Ndani yake mna bikaboneti inayozima asidi, kalsiamu na fosfati za kulirudishia jino madini, na protini zinazodhibiti bakteria na fangasi. Ukinywa chai ya sukari, bakteria walio kwenye utando wa meno huigeuza sukari hiyo kuwa asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Mate ndiyo yanayokipandisha tena, na madini huanza kurejea. Jino hupoteza na kupata kila siku, na wingi wa mate ndio unaoamua upande upi ushinde.

Amitriptilini huzuia asetilikolini, kemikali inayoziamuru tezi za mate zifanye kazi. Dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, bei yake ni nafuu, na hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kwa kipandauso. Kwa hiyo wapo wanaoinywa bila kujua kuwa iliingia sokoni kama dawa ya sonona. Fluoksetini, sertralini na paroksetini, nazo dawa za sonona, hukausha mdomo kwa kiasi kidogo zaidi, lakini hukausha. Mate yakipungua, meno huoza mahali yasipozoea kuoza: shingoni karibu na fizi, kwenye mizizi iliyo wazi, hata meno ya mbele ya chini ambayo kwa kawaida huoga mate kuliko mengine. Tabibu akiona matundu hapo kwa mtu mzima, aulize habari za dawa kabla ya kuuliza habari za pipi. Kisha aulize za pipi pia, maana mwenye mdomo mkavu hujitibu kwa soda na peremende mchana kutwa, na hapo madhara huwa maradufu.

Jambo la pili ni kusaga meno. Tangu miaka ya 1990 madaktari wamekuwa wakiandika kuhusu wagonjwa walioanza kusaga meno usiku baada ya kuanzishiwa dawa za kundi la fluoksetini, pamoja na venlafaksini. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba serotonini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi huiongeza, ikizidi hupunguza kazi ya dopamini, kemikali nyingine, katika njia za ubongo zinazoongoza misuli ya taya. Mgonjwa huamka na taya lililokaza, kichwa kinamgonga, na meno hushtuka kwa maji baridi. Anasema meno yameoza yote, kumbe mengi ni mazima ila yamechoshwa.

Kwa hiyo madhara ya meno hujengeka polepole wakati dawa inatumiwa. Mtu huyagundua anapoiacha kwa sababu ndipo mwili wote unapoanza kumsumbua.

Fungu la pili. Dalili za kuacha dawa hizi hazikuletwa na intaneti. Imipramini, dawa ya sonona, ilitangazwa mwaka 1957 na daktari Roland Kuhn wa hospitali ya Münsterlingen, Uswisi. Kufikia 1959 madaktari walikuwa wameshaandika kuhusu watu waliougua baada ya kuiacha. Dalili zenyewe zinajulikana: mafua yasiyo mafua, kichefuchefu, kizunguzungu, ndoto kali, wasiwasi, hasira za ghafla, na mishtuko kichwani kama ya umeme ambayo mara nyingi huja mtu anapogeuza macho. Mishtuko hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwa waganga wa majini. Jini halihusiki: ni ubongo uliozoea kiwango fulani cha serotonini na sasa umenyimwa ghafla.

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet Psychiatry ulikuta dalili kwa asilimia 31 hivi ya walioacha dawa, na kwa asilimia 17 ya walioacha vidonge visivyo na dawa ndani yake. Namba zote mbili zisomwe kwa pamoja. Ya kwanza inamkanusha anayesema mgonjwa anajisingizia. Ya pili inaonyesha kwamba woga na matarajio huleta dalili zao, ndiyo maana kumtisha mgonjwa ni kumdhuru.

Mdomoni, anayeacha amitriptilini ghafla huweza kupata kinyume cha alichokizoea: mate yanajaa, tumbo linachafuka, jasho linamtoka. Wanaoishi jirani na mashine ya kusagia unga huzoea kusemezana kwa kupaza sauti. Mashine ikizimwa, kwa muda bado wanapiga kelele. Tezi nazo zilijifunza kuitika kwa nguvu chini ya kizuizi cha dawa, na kizuizi kikiondoka huchukua siku kadhaa kutulia.

Hapa nilipaswa kuingia fungu la tatu, lakini lipo jino ambalo siwezi kulipita. Ni jino zima linalouma. Picha ya eksirei haionyeshi kitu, fizi ni safi, jino halina ufa, na bado maumivu yapo, yanawaka au kufukuta mchana kutwa. Chanzo kiko kwenye mishipa ya fahamu, na mojawapo ya dawa zake ni amitriptilini kwa dozi ndogo. Sasa fikiria mgonjwa aliyepewa dawa hiyo, akapata nafuu, kisha akaiacha kwa kuwa ameambiwa ni dawa ya wendawazimu. Maumivu yanarudi. Anang'olewa jino, maumivu yanahamia jino la jirani. Linang'olewa nalo. Au anafukizwa moshi wa mbegu, kisha anaonyeshwa kitu cheupe kwenye bakuli na kuambiwa ndiye mdudu. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alishaikataa hadithi ya mdudu wa jino katika kitabu chake cha tiba ya meno. Karibu miaka mia tatu baadaye bado watu wanalipishwa kwa mdudu huyo, na wanapoteza meno mazima ambayo hayataota tena.

Fungu la tatu. Dawa hupunguzwa polepole, na mwishoni polepole zaidi. Sitalopramu, nayo ya kundi la fluoksetini, kwa miligramu 20 hushika takriban asilimia 80 ya visafirishi vinavyorudisha serotonini. Miligramu 9 bado hushika kama 70, na miligramu 2 hivi hushika 40. Anayeruka kutoka miligramu 5 hadi sifuri huanguka kutoka asilimia 60 hivi kwa mkupuo mmoja, ingawa machoni pake aliacha kipande kidogo tu cha kidonge. Kunywa leo na kuacha kesho nako si kupunguza: kwa dawa inayotoka mwilini haraka kama paroksetini au venlafaksini, ni kuumwa kila baada ya siku moja. Fluoksetini hutoka polepole, hivyo dalili zake huweza kuchelewa wiki kadhaa. Ratiba ipangwe na aliyeandika dawa. Mawazo ya kujiua yakija, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Chai za kusafisha sumu hazina kazi hapa, kwa maana kinachosumbua ni upungufu wa dawa, wala si mabaki yake.

Kwa meno: dawa ya meno yenye floridi mara mbili kwa siku, maji mara kwa mara, chingamu isiyo na sukari, kinga ya kuvaa usiku kwa anayesaga. Mwambie daktari wa meno dawa zote unazotumia, kwani za kundi la fluoksetini zikichanganywa na dawa ya maumivu ya ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu. Na jino linalouma wakati wa kuacha dawa lichunguzwe kikamilifu. Likiwa na tundu lizibwe. Likiwa zima libaki mahali pake mpaka mwili utulie, kwa sababu dozi iliyopunguzwa vibaya inaweza kurekebishwa, na jino zima lililong'olewa haliwezi.