Kumtafuta Mpagazi Asiye na Jina Ukutani

Katika Kanisa la Kumbukumbu la Waitalia kule Mathari, Nyeri, amezikwa Amedeo, Duke wa Aosta, aliyejisalimisha kwa Waingereza huko Amba Alagi, Ethiopia, mwaka 1941 na kufia Nairobi akiwa mfungwa mwaka uliofuata. Pamoja naye wamo mamia ya askari wake, na majina yao yamo ukutani. Mjukuu akija kutoka Italia, nusu ya kazi ameshafanyiwa, kwa sababu mfungwa wa vita aliandikishwa.

Anayemtafuta mpagazi wa ukoo wake kutoka Kombani, Kwale, hana ukuta wa kuanzia. Na Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, vilipita humu humu Kwale. Waingereza na Wajerumani walipigana Gazi Oktoba 1914, Jasin ng'ambo ya Vanga Januari 1915, na Mwele Januari 1916, alipouawa Meja Arthur Wavell wa upande wa Waingereza. Wavell ana mnara wake nje ya Fort Jesus. Wapagazi waliobeba risasi na unga wamo tu katika sanamu, kama zile za Mombasa, zisizotaja mtu. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa bahati mbaya. Kamisheni ya wakati huo iliamua kwamba Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina lake, na uamuzi huo unauma hadi leo.

Hata hivyo mpagazi aliandikwa. Alichukuliwa alama za vidole na kuvishwa kibati chenye namba. Ili umtambue katika maandishi hayo, anza nyumbani, kwa wazee, kabla ya kukanyaga ofisi yoyote. Mdigo atakutajia fuko, yaani ukoo wa upande wa mama. Karani wa jeshi aliandika jina la mtu na la baba yake, kwa sikio la Kiingereza. Uliza yote mawili, kisha andika kila namna jina hilo lingeweza kukosewa.

Kwa familia za Kikatoliki upo mlango mwingine. Masista wa Consolata waliuguza wapagazi hospitalini. Mmoja wao, Irene Stefani, aliyetangazwa mwenyeheri mwaka 2015, alihudumu Voi na Kilwa na kubatiza wengi waliokuwa wakikata roho. Kanisa hutaka kila ubatizo uandikwe, hata wa kitandani. Omba parokia au jimbo wakutazamie daftari, ukiwa na mwaka na mahali.

Familia ya Kiislamu nayo itafute katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, hasa majalada ya mishahara ya wapagazi iliyobaki bila kudaiwa, ambayo serikali ya kikoloni iliijadili kwa miaka. Deni huhitaji jina la anayedai. Ukipata jina na namba, vipeleke kwa Kamisheni pamoja na nakala: hupokea ushahidi wa walioachwa nje.