Uamsho na Machafuko ya Taifa

Somo: Waefeso 2:11-18

Leo tutazame swali moja: taifa linapotikisika, uamsho wa kanisa una faida gani? Wako wasemao kwamba uamsho ni nyimbo na machozi tu, na kwamba mambo ya nchi yana wenyewe. Historia ya Afrika ya Mashariki yatufundisha vingine.

Mwaka wa 1929, daktari mmisionari Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana mjini Kampala na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wawili hao, Mzungu na Mwafrika, waliketi pamoja wakasoma Biblia na kuomba. Miaka michache baadaye moto uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, na mwaka wa 1937 kundi la ndugu likafika Kabete, hapa Kenya. Watu walitubu waziwazi. Aliyeiba alirudisha, waliokosana walipatana. Ndugu wakawa na desturi ya kukutana na kuambiana kweli, jambo waliloliita kutembea nuruni.

Kisha mtihani ukaja. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Katika nchi ya Wakikuyu, Mau Mau waliwataka watu wale kiapo; serikali nayo iliwataka washike silaha pamoja na Homu Gadi. Wengi wa ndugu wa uamsho walikataa yote mawili. Kiapo walikikataa kwa kuwa walikwisha kushiriki damu ya Kristo katika Meza ya Bwana. Silaha walizikataa kwa kuwa hawakuweza kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Hivyo wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa.

Lakini, mpendwa, tusiseme nusu ya habari. Malalamiko ya waliopigania ardhi yalikuwa ya haki. Ardhi ilikuwa imechukuliwa kweli. Tena wako waliowalaumu ndugu kwamba walihubiri sana juu ya dhambi ya mtu mmoja mmoja, wakasema machache juu ya dhambi ya watawala. Lawama hiyo yatupasa kuisikiliza.

Twapata jibu kwa mtu aliyezaliwa mara ya pili katika uamsho huo huo. Janani Luwum aliokoka mwaka wa 1948 alipokuwa mwalimu wa shule katika nchi ya Waacholi, na baadaye akawa Askofu Mkuu. Mwezi wa Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua, wakilalamikia mauaji na uonevu wa askari. Tarehe 16 ya mwezi huo akauawa. Hakushika silaha, wala hakunyamaza. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, alikimbia nchi. Na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Hakumsifu kwa maovu yake. Alimsamehe, kama Bwana alivyowasamehe waliomsulibisha.

Sasa tusikie onyo. Mwaka wa 1994, katika Rwanda ile ile ulikoanzia uamsho, mamia ya maelfu ya watu waliuawa kwa muda wa siku mia hivi. Wengi wa waliouawa, na wengi wa waliowaua, walikuwa wamebatizwa. Watu walikimbilia makanisani wakauawa humo humo. Nasi Wakenya tusiwanyoshee kidole. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto, na ndani yake walikuwamo wanawake na watoto waliotafuta usalama.

Basi twajifunza nini? Kwanza, uamsho haurithiwi. Baba aliyetubu hamwachii mwanawe toba, kama vile anavyomwachia shamba. Kila kizazi hakina budi kupiga magoti chenyewe. Pili, uamsho wa kweli hubomoa ukuta wa kabila. Kama ushirika wetu wafurahia wokovu, lakini bado twamwita jirani kwa jina la dharau tukiwa nyumbani, ukuta haujabomoka. Na siku ya machafuko tutasimama nyuma ya ukuta huo. Tatu, aliyeungama dhambi yake mwenyewe ndiye awezaye kumwambia mtawala kweli bila chuki na bila woga.

Ndugu msikilizaji, kabla hujaliombea taifa Jumapili hii, jiulize: ni kabila gani ambalo watoto wangu wamejifunza kulidharau kwa kunisikiliza mimi? Anza kutubu hapo. Kisha mwendee mtu mmoja wa kabila hilo, umwalike kwako, mle pamoja na kuomba pamoja. Uamsho wetu ulianza na watu wawili tu na Biblia.

Tuombe. Ee Bwana, uliye amani yetu, bomoa kwanza ukuta ulio moyoni mwangu. Wape watumishi wako ujasiri wa kusema kweli, na upendo wa kuisema. Uiponye nchi yetu. Kwa jina la Yesu. Amina.