Mtoto Njiti Huanza kwa Matone

Mama aliyejifungua kabla ya wiki 37 akikamua maziwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi huambulia matone tu. Huyatazama pale chini ndani ya kikombe, akaona hayafai kitu. Asiyamwage. Hayo ni dang'a, yamejaa kingamwili, nayo humpunguzia njiti hatari ya maambukizi na ya ugonjwa mbaya unaoozesha matumbo yasiyokomaa.

Uchache huo usimtie hofu. Mtoto wa kilo 1.2 anaweza kuanzishiwa mililita 3 kila baada ya saa 2, huku akisaidiwa na dripu. Akiyapokea vizuri, kiasi huongezwa kila siku.

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa kati ya wiki ya 32 na ya 34 ya ujauzito. Aliyezaliwa kabla ya hapo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni. Muuguzi huchomeka bomba la sindano lililotolewa kisukumio, humimina maziwa, kisha huliinua kidogo. Maziwa hushuka yenyewe, taratibu, hayasukumwi. Baadaye hufuata kikombe, kisha titi.

Ili maziwa yaongezeke, mama aanze kukamua ndani ya saa chache baada ya kujifungua, mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nako huchochea maziwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka jambo hilo lianze mapema iwezekanavyo. Maziwa ya mama yakikosekana, yanayofuata kwa ubora ni ya mama mwingine, yaliyopimwa na kupashwa moto kitaalamu. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ina benki ya maziwa hayo tangu 2019.

Siku za mwanzo uzito wa mtoto hupungua, na hilo ni kawaida. Baadaye tunatarajia aongeze takriban gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Wadogo zaidi huhitaji kuongezewa virutubisho, madini ya chuma na vitamini D, kwa maelekezo ya daktari. Maji na dawa za kienyeji asipewe kabisa.

Baba, bibi na mawifi, msimuulize mama mbona maziwa hayatoki. Mpelekeeni uji na chakula, mpokeeni kazi za nyumbani, alale kidogo. Anayemhudumia mama huyo anamlisha mtoto.