Kinga ya matangi ya mafuta imo kwenye viungo, si kwenye mnara

Biashara ya kuhifadhi mafuta katika pwani ya Tanzania inazidi kupanuka. Kigamboni, mradi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania ni wa matangi 15 yenye uwezo wa mita za ujazo 378,000. Chongoleani, Tanga, linakoishia bomba la EACOP lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, matangi manne yamepangwa kuhifadhi mapipa milioni mbili ya mafuta ghafi. Ongeza hapo maghala ya kampuni binafsi na malori yanayopeleka mafuta Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Mtaji wote huo umewekwa kwenye bidhaa inayoweza kuwashwa na cheche ndogo isiyoonekana kwa macho.

Cheche hiyo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni radi. Ya pili ni umeme tuli, ule unaozaliwa na mafuta yenyewe yanapopita kwenye bomba. Njia za kuzuia zote mbili zinajulikana na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya tangi moja. Hata hivyo, mwenye mali huridhika upesi akiona mnara wa kinga ya radi umesimama juu ya ua wake, ilhali usalama wa mafuta unategemea zaidi nyaya, vibano na sili ambazo hakuna mgeni anayeonyeshwa.

Hasara inavyokuja

Jioni ya Agosti 5, 2022, radi ilipiga tangi la mafuta ghafi katika bohari ya Matanzas, Kuba. Tangi lilikuwa limejaa kiasi cha nusu, likiwa na mita za ujazo 26,000 hivi. Alfajiri ya siku iliyofuata tangi la pili lililipuka, na moto haukusimama hadi ulipoharibu matangi manne kati ya manane ya bohari hiyo. Watu 17 walikufa, wengi wao wazimamoto. Mafuta hayo yalikuwa ya kuendesha mitambo ya kufua umeme, katika nchi ambayo tayari ilikuwa gizani kwa mgao.

Afrika ina msiba mkubwa zaidi. Mnamo Novemba 2, 1994, huko Dronka nchini Misri, radi ilipiga matangi ya mafuta wakati wa mvua kubwa. Mafuta yanayowaka yalichukuliwa na maji ya mafuriko hadi mjini, wakafa watu 469. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linalitambua tukio hilo kuwa ndilo lililoua watu wengi zaidi kutokana na athari zisizo za moja kwa moja za radi.

Si matukio ya nadra kama mtu anavyoweza kudhani. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2006 ulichambua ajali 242 za matangi zilizotokea kwa takriban miaka 40. Ajali 80, yaani theluthi moja, zilisababishwa na radi. Nasi tunaishi katika ukanda wa radi: Kabare, mashariki mwa Kongo, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi, ikitanguliwa tu na Ziwa Maracaibo la Venezuela, na dhoruba za usiku za Ziwa Victoria wavuvi wanazifahamu vizuri.

Mnara haufiki kwenye paa

Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi, na kali hufikia 200,000. Tangi la chuma lenye paa lisilosogea, bati lake likiwa na unene usiopungua milimita 4.8 na viungo vyake vikiwa vimechomelewa vizuri, huweza kuupitisha umeme huo hadi ardhini bila kutoboka, mradi matundu ya kupumulia na mifuniko iko salama.

Kazi ngumu iko kwenye tangi lenye paa linaloelea. Paa hilo hukaa juu ya mafuta, likipanda na kushuka nayo. Kati ya ukingo wake na ukuta kuna nafasi iliyozibwa kwa sili, na hapo ndipo mvuke hujikusanya. Radi ikipiga tangi, au hata ikipiga karibu, umeme hutafuta njia kati ya paa na ukuta. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa vipande vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, vilivyofungwa juu ya sili kila baada ya mita tatu, vikiugusa ukuta. Lakini ukuta una kutu, rangi na nta ya mafuta. Kipande kisipogusa sawasawa hutoa cheche, na cheche hiyo hutokea palepale penye mvuke.

Ndiyo maana mwaka 2009 Taasisi ya Petroli ya Marekani, kupitia mwongozo wake wa API 545, ilipendekeza vipande hivyo vishushwe ndani ya mafuta walau sentimita 30, mahali pasipo na hewa ya kuwasha moto. Ilipendekeza pia nyaya zinazounganisha paa na ukuta moja kwa moja, zisizoachana kwa zaidi ya mita 30 kuzunguka tangi. Tangi lenye kipenyo cha mita 60, linaloweza kubeba zaidi ya lita milioni 40, linahitaji nyaya saba tu.

Mnara una kazi yake ya kupunguza mapigo ya moja kwa moja, lakini hauwezi kufanya kazi ya nyaya hizo saba. Kuhusu vifaa vinavyouzwa kwa ahadi kwamba vitaizuia radi isipige kabisa, hakuna ushahidi wa kisayansi unaokubalika wa kuthibitisha madai hayo. Mnunuzi aulize kifaa kimepimwa kwa kiwango gani kabla hajatia saini.

Mafuta yanapojizalishia umeme

Umeme tuli hausubiri mvua. Mafuta yakikimbia kwenye bomba, na hasa yakipita kwenye chujio, hubeba chaji hadi ndani ya tangi. Mnamo Aprili 7, 2003, tangi la Glenpool, Oklahoma, lililokuwa limetoka kuhifadhi petroli, lililipuka likijazwa dizeli. Moto uliwaka kwa saa 21. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walihitimisha kwamba chanzo kilikuwa umeme tuli uliotokana na uendeshaji usiofaa wa tangi, ikiwemo kujaza kwa kasi kubwa mno.

Kwa hiyo kanuni za ujazaji ni kanuni za fedha pia. Mwanzo wa kujaza, mafuta yasizidi kasi ya mita moja kwa sekunde mpaka mdomo wa bomba uzame. Baada ya kujaza tangi kubwa, mpimaji asubiri dakika 30 kabla ya kushusha kipimo. Meneja anayemharakisha ili meli iondoke mapema anaokoa dakika na kuhatarisha bohari nzima.

Kuna jambo jipya linalotuhusu. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo ni njema kwa mapafu yetu. Ila usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia kemikali zilizosaidia chaji kupotea, hivyo dizeli safi hukaa na umeme tuli kwa muda mrefu zaidi. Kasi zilizozoeleka zamani hazina budi kupimwa upya.

Tazama pia lori linapopakia. Dereva anazima injini, anavuta waya wa ethi na kubana kibano kwenye tangi la lori. Kibano kikikaa juu ya rangi, hakuna muunganiko wowote. Kikiuma chuma kitupu, na ukinzani ukawa chini ya ohmu 10, chaji inapita. Bohari zilizojipanga hufunga kifaa kinachozuia pampu kuwaka mpaka muunganiko uthibitike, na hapo usalama hautegemei tena uchovu wa dereva.

Nani alipe, nani akague

Adui mwingine ni wizi. Uharibifu wa miundombinu ya umeme uliifanya Kenya ipige marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, na waya wa shaba wa ethi huwavutia wezi walewale. Cheti cha siku ya uzinduzi hakina maana kama waya umekatwa mwaka uliofuata.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni za bima zidai karatasi ya vipimo vya ukinzani kabla ya kuandika mkataba. Mamlaka za udhibiti zikague nyaya za paa, sili na vibano, zisihesabu minara tu. Nawe mwenye bohari, omba vipimo hivyo kabla ya masika na tena kabla ya vuli. Mkaguzi wako akishindwa kukuonyesha tarakimu, basi tangi lako halijakaguliwa.