Joto la Jangwani Huanza Kupungua Usiku

Piga simu kwa ndugu zako walioko Ibra au Bidiya katikati ya Septemba, uwaulize hali ya hewa. Watakwambia bado moto, na ni kweli. Mchana katika upande huu wa Sharqiya nchini Oman, ukingoni mwa jangwa la mchanga lililokuwa likiitwa Wahiba, kipimo bado hukaribia nyuzi 40. Lakini ukiuliza habari za usiku, utapata jibu jingine. Huko ndiko kiangazi kinakoanza kuaga, na wanyama hulijua hilo mapema kuliko sisi kwa kuwa wengi wao hutoka jua likishazama.

Kinachobadilika kwanza ni urefu wa usiku. Kufikia tarehe 22 au 23 Septemba usiku na mchana hulingana, baada ya miezi ya mchana kuwa mrefu. Mchanga mkavu hushika joto juujuu tu; anga ikiwa safi, joto hilo hupotea haraka mara jua linapotua, na sasa lina saa nyingi zaidi za kupotea. Kisha kuna upepo. Kusi tunayoijua pwani ya Afrika Mashariki ndiyo hiyo hiyo inayovuka Bahari ya Arabuni na kuiletea Salala manyunyu yake ya msimu wa kharifu. Septemba ikielekea kwisha, kusi hulegea. Zanzibar mnakiita kipindi hicho demani na bahari inakuwa shwari. Huku jangwani kinachopatikana ni usiku usio na upepo.

Utulivu huo una kazi kubwa. Upepo unapovuma, huikoroga hewa iliyo karibu na ardhi pamoja na ile ya juu iliyo na joto zaidi. Ukinyamaza, ubaridi hubaki chini, na unyevu ulioingia kutoka baharini jioni hugeuka umande juu ya majani, magari na mgongo wa ngamia aliyelala nje. Kwa mdudu au mjusi, matone hayo ni maji ya kunywa hasa.

Wazee husema usiku hupoa kwa sababu Suhaili amechomoza. Nyota hiyo, ya pili kwa mng'ao usiku baada ya Shiira, huanza kuonekana upande wa kusini-mashariki kabla ya alfajiri kuelekea mwisho wa Agosti. Haipozi kitu, iko mbali mno. Ila kama kalenda ni nzuri, na binafsi naiamini kuliko tarehe iliyochapishwa ukutani inayosema leo majira yamebadilika.

Asubuhi baada ya usiku tulivu wenye umande, toka nje mapema. Wakati wa kusi kali alama za mchangani hufutika kila saa. Sasa unyevu kidogo umeufunga mchanga, na habari za usiku zimebaki zimeandikwa nyuma ya ukuta wa nyumba. Vitone vidogo katika mistari miwili ni mbawakawa. Nyayo ambazo vidole vyake havionekani vizuri huenda ni za mbweha wa mchangani, ambaye manyoya hufunika chini ya miguu yake ili mchanga usimuunguze. Ukiona michirizi mifupi ya mshazari, mmoja mmoja, sambamba kama ngazi isiyo na miti ya pembeni, amepita nyoka wa pembe. Yeye husafiri ubavuubavu, kisha hujifukia mchangani akabakisha macho na vipembe. Usiku ukipoa, nyoka huyu huanza kutoka mapema, wakati wa magharibi, ambapo na watoto nao wako nje. Tochi na viatu, basi.

Dhabu, yule mjusi mnene mwenye mkia wa miiba, hufuata ratiba iliyo kinyume. Wakati wa kiangazi hujitokeza asubuhi na alasiri, adhuhuri akajificha shimoni. Joto likipungua huacha mapumziko hayo na kuota jua mchana, akila majani ya kutosha kabla ya kujifungia miezi ya baridi.

Mikunazi nayo huchanua msimu huu, maua madogo ya kijani-manjano yanayovuma nyuki kuanzia asubuhi. Hapa Oman kuna nyuki wadogo wasiohitaji mzinga: hutundika sega moja tu kwenye tawi, wazi kabisa. Asali ya mkunazi ndiyo inayogombaniwa sokoni, na bei yake si ya kuzungumzwa mbele ya mgonjwa wa moyo.

Juu, msafara unapita. Mbayuwayu, keremu na hudihudi wanashuka kutoka kaskazini, wengi wakielekea Afrika. Kozi kijivu wa visiwa vya Daymaniyat ameupigia hesabu msafara huo: hutaga katikati ya kiangazi, ili makinda yaanguliwe wakati ndege wasafiri wanaanza kupita na chakula ni tele. Oktoba na Novemba naye huondoka, safari yake ikiishia Madagaska.

Msimu huu una hatari zake pia. Oktoba na Novemba ni kipindi cha pili cha vimbunga katika Bahari ya Arabuni. Kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya Batina tarehe 3 Oktoba 2021. Usiegeshe gari wala kupiga hema ndani ya wadi, yaani mkondo wa mto mkavu, hata anga ikiwa nyeupe, kwani mvua ya milimani hufika bila taarifa.

Na kama una nyumba huko, kumbuka kwamba ndege wengi hunywa maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Usiku ukipoa mnakizima, na dimbwi lile hukauka katikati ya safari yao. Weka sinia pana lenye maji yasiyozidi kina cha kidole, mbali na kichaka ambamo paka anaweza kuvizia, na uyabadilishe kila siku.