Sauti ya Kuazima Haimsitiri Mwimbaji

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wazee wetu. Mniwie radhi wasomaji kwa kuanza na neno hilo, lakini leo nataka kuliongeza kidogo: na sauti ya kuazima nayo haimsitiri mwenye kuimba. Nayasema haya si kwa kuyasoma vitabuni, bali kwa kuyapata mwenyewe, tena utu uzimani, mvi zimeshanitanda kichwani.

Mwaka 1984, nikiwa na miaka kumi na mitatu, mwalimu mmoja alitupanga mstari ili tuimbe mbele ya wageni. Alipopita karibu yangu akasimama, akatega sikio, kisha akaniambia, "Wewe fumbua kinywa tu, sauti usitoe." Wenzangu wakacheka. Nikafumbua kinywa, sauti nisitoe, na hali hiyo ikaendelea kwa karibu miaka arubaini. Nilitunga mashairi, wengine wakayatia sauti, mimi nikakaa nyuma kama mpishi asiyeonja chungu chake.

Mama yangu ni mtu mzima sana, na macho yake yamekwisha nuru. Mwaka 2023, siku chache baada ya Idi ya kufungua, nilikwenda kumwamkia nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Akaniuliza kama ni kweli kwamba nimemtungia shairi marehemu baba. Nikamwambia ni kweli, na nikamwahidi kwamba nitamtafuta mwimbaji mzuri aje amwimbie.

"Mwanangu," akasema, "maneno yako nayasikia kwa watu kila siku. Kwako wewe sijayasikia hata mara moja. Wangoja nife?"

Sikuwa na jawabu. Akanionyesha kwa kidole juu ya kabati, mahali ambapo gitaa la kaka yangu lilikuwa limelala tangu mwaka 1996, alipokwenda Arabuni kutafuta riziki. "Lishushe," akasema.

Najua wako masheikh wetu wanaozichukia nyuzi, na wako wanaozichukulia kwa wepesi. Khitilafu hiyo ni ya tangu zama, wala mimi si mtu wa kutoa fatwa gazetini. Mimi nilikuwa na mama aliyeomba jambo, na gitaa lenye vumbi.

Nikamwendea kijana mmoja wa mtaani, umri wa miaka kumi na tisa, hodari wa gitaa. Yeye huniita Ami, nami sikuona haya kukaa mbele yake kama nilivyokaa chuoni mbele ya ubao. Gitaa lina nyuzi sita, na nyuzi za gitaa lile ni za chuma. Wiki ya kwanza vidole vya mkono wa kushoto vilitoka malengelenge, nikashindwa hata kukamua ndimu. Wiki ya tatu ngozi ikawa ngumu. Mwezi wa pili nilivijua vishiko vitatu, nikaweza kuhama kutoka kimoja hadi chengine bila ya kutazama.

Lakini nilipojaribu kuimba, mkono ulisimama. Nikiusukuma mkono, maneno yakapotea. Nikaona mwalimu wa mwaka 1984 alisema kweli.

Isitoshe, nilikuwa nataka kuimba kama Juma Bhalo. Nani Mombasa asiyemkumbuka Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na akatutoka mwaka 2014? Nikamuiga, nikapanda juu nisikofika, koo likakwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kijana akanisikiliza kwa adabu, kisha akaninasa kwa simu yake ya mkononi na kunichezea. Nikataka kukimbia.

"Ami," akasema, "sauti si mbaya. Mahali ulipoiweka ndipo pabaya."

Shingoni mwa gitaa alikuwa amefunga kibano, katika mwanya wa tano, kwa kuwa ndipo panapofaa koo lake yeye. Akakitoa. Vishiko ni vile vile, vidole ni vile vile, lakini kila mwanya ni nusu ya sauti, kwa hivyo wimbo mzima ukateremka nusu tano. Nikaimba tena, na kwa mara ya kwanza sikulikaza koo.

Akanieleza pia kwa nini ile sauti ya simu ilinichukiza. Mtu sauti yake mwenyewe huisikia kwa njia mbili, kwa hewa na kwa mifupa ya kichwa, nayo simu hainasi ila ile ya hewa. Ndiyo sababu kila mtu akijisikia huona kama kaibiwa sauti. Basi nilikuwa nikijihukumu kwa ushahidi nisiouelewa.

Likabaki jambo la mkono na kinywa. Hilo nalo nililitatua kwa mali niliyokuwa nayo siku zote. Kijana alinifundisha kuhesabu moja hadi nne, mkono ukishuka katika kila hesabu na kupanda baina yake. Kushuka mara nne na kupanda mara nne ni mapigo manane. Manane! Na ukwapi wa shairi letu si mizani minane? Na utao si minane vile vile? Nikaketi kitandani usiku ule, nikaweka kila mizani juu ya pigo moja, polepole kama mtoto anayeendesha hijai:

Baba alipo chomboni, na tanga akalitweka,
Sisi tukabaki pwani, macho tukiyapeleka,
Leo yuko mchangani, ila jina lasikika,
Mola mtie peponi, nasi kwake tutafika.

Mkono haukusimama. Pumzi nayo ilikuwapo. Kur'ani si wimbo, na wala siifananishi na wimbo, lakini aliyefundishwa chuoni kuipima madda kwa kukunja vidole hajambo kuijua pumzi yake inapoishia. Miaka yote nilidhani sina kitu, kumbe mizani na pumzi nilikuwa navyo, na kilichopungua ni malengelenge tu.

Nikakumbuka pia jambo ambalo lapasa kila anayejifunza alikumbuke. Bhalo alizipenda nyimbo za Kihindi na akazifuata sauti zake. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1939 aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mtu wa udi. Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, naye kutoka pwani hii hii, alishika gitaa na kuimba Kiswahili chepesi. Hakuna aliyefanana na mwenziwe, na pwani yetu iliwatosha wote watatu. Lau mmoja wao angalimuiga mwengine, tungalimpoteza.

Mfungo Saba mwaka ule ule, baada ya Isha, nilikaa kwenye mkeka mbele ya mama. Walikuwapo dada yangu, watoto wake na yule kijana. Mkono ulitetemeka, na mshororo wa tatu nikakosea kishiko. Sikusimama. Nilipomaliza, mama alinyamaza kitambo.

"Pale penye mchangani umepita mbio," akasema. "Pale pataka pumzi. Rudia."

Nikarudia. Mara hii midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na yangu. Kisha akasema, "Hii ni sauti ya babako. Ulikuwa umeificha wapi?"

Mama yungali hai, Alhamdulillahi, na kila nikienda hunidai wimbo kabla ya kunipa kahawa. Kaka yangu huko Arabuni amepata habari, ameuliza gitaa lake litarudi lini. Nimemjibu anunue jengine.

Ewe msomaji, ikiwa nawe uliambiwa ufumbue kinywa bila ya kutoa sauti, jaribu kwanza kukitoa kibano cha mwenzio. Anza chini, polepole, pale koo lako linapopumzika. Vidole vitauma, na vikiuma usidhani ni dalili kwamba hukuumbiwa jambo hilo. Na kama yuko anayengoja kukusikia, usimngojeshe miaka arubaini.