Vali mbili chini ya tangi la Feyzin

Alfajiri ya tarehe 4 Januari 1966, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Feyzin, kusini mwa jiji la Lyon nchini Ufaransa, watu watatu walisimama chini ya tangi la duara lenye ukubwa wa mita za ujazo 1,200. Ndani mlikuwa na propani, gesi ya jamii moja na ile ya mitungi ya kupikia, iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika. Kazi yao ilikuwa ya kawaida: kumwaga maji yaliyotuama chini ya tangi, kisha kuchukua sampuli ya maabara.

Chini ya tangi palikuwa na vali mbili zilizofuatana kwenye bomba moja. Kazi ilipokaribia kwisha, vali ya juu ilifungwa, kisha ikafunguliwa kidogo. Hakikutoka kitu. Ikafunguliwa zaidi. Propani inapoachiwa kutoka kwenye presha hupoa ghafla, na inaelekea maji yaliyokuwa humo yaligeuka barafu yakaziba njia. Kizuizi kikaachia kwa mkupuo. Propani ikafoka na kuwarukia wale watu, mpini wa vali ukachomoka, wakashindwa kuurudisha. Walipoigeukia vali ya chini, nayo ilikuwa imeganda, haizunguki. Wingu la gesi likatambaa chini kwa chini hadi barabarani, likashika moto kwenye gari. Yapata saa moja na nusu baadaye tangi likalipuka. Watu 18 walikufa, wengi wao wazima moto waliokuja kuokoa.

Yote yalianzia kwenye sampuli. Karibu kila kifaa kiwandani kimewekwa ili kemikali ibaki ndani, lakini mchukua sampuli hufungua kwa makusudi, tena mara kadhaa kwa zamu, akiwa na chupa mkononi. Kwa kuwa kazi yenyewe ni ya dakika tano, mara nyingi hukabidhiwa kijana mgeni kuliko wote kazini. Mimi naona hapo ndipo viwanda vingi vinapokosea.

Tulirudie lile bomba. Kanuni ni kwamba vali iliyo karibu na tangi ifunguliwe yote kwanza, halafu mtiririko upimwe kwa vali ya nje. Barafu hujijenga pale presha inaposhuka, yaani kwenye vali inayoubana mtiririko. Ikiganda ya nje, ile ya ndani bado inazunguka, na unaweza kuifunga ukaondoka. Ukibana kwa ya ndani, umeiweka rehani vali yako ya mwisho. Ndiyo maana pia vali hizo hutenganishwa, walau kwa mita moja, baridi ya moja isiifikie nyingine.

Kuna na unene wa bomba, jambo ambalo halizungumzwi sana kwa sababu halina bango la ukutani. Uwazi wa bomba la inchi 2 ni mara saba ya ule wa bomba la robo tatu inchi. Maabara inataka lita moja au chini ya hapo. Miwani, glavu na aproni ni vya lazima, lakini bomba jembamba linamlinda hata aliyesahau glavu.

Viwanda vya rangi, gundi na dawa vina mazoea mengine: kufungua mlango wa juu wa reakta na kuteremsha kopo kwa kamba. Kiyeyushi kama tolueni kinaposukumwa bombani au kukorogwa hujikusanyia chaji za umeme, na kwa kuwa hakipitishi umeme vizuri, chaji hizo hukawia kuisha. Kopo la chuma lililoning'inizwa kwa kamba ya nailoni huzibeba. Likikaribia ukingo wa mlango, cheche huruka, tena mahali ambapo mvuke na hewa vimekutana. Kwenye meli za mafuta yanayotunza chaji, kanuni inataka dakika 30 zipite baada ya kupakia kabla ya kifaa cha chuma kuteremshwa tangini. Kamba iwe ya nyuzi za asili, na kopo la chuma liungwe na waya wa ethi. Hapa katani ya Tanga inaishinda nailoni.

Ili kuzuia moto huo, viwanda hujaza naitrojeni juu ya kimiminika. Basi hapo anayeinamia mlangoni anavuta naitrojeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka hadi asilimia 4 mpaka 6, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde 40 hivi. Hatasikia kubanwa kifua, kwa sababu mwili hupiga kelele hewa ya ukaa inapozidi, na huko inatoka kama kawaida. Novemba 2005, kwenye kiwanda cha mafuta cha Delaware City nchini Marekani, mfanyakazi mmoja aliingia au kuangukia ndani ya reakta yenye naitrojeni akijaribu kuokota utepe wa gundi. Mwenzake alimfuata kumwokoa. Wote wawili walikufa. Bodi ya huko inayochunguza ajali za kemikali ilihesabu vifo 80 vya naitrojeni makazini kati ya 1992 na 2002.

Dawa ya haya yote ni kutofungua mlango kabisa. Bomba dogo hutolewa upande wa pampu unaosukuma na kurudishwa upande unaovuta, kimiminika kizunguke chenyewe, na chupa ijazwe kwa sindano inayotoboa kifuniko cha mpira. Hakuna mvuke unaotoka, na yale mabaki ya zamani bombani, ambayo wengi huyamwaga kwenye ndoo, hurudi mtamboni. Vali ya chupa iwe ya springi, inayojifunga mkono ukiachia. Kwa gesi za kimiminika hutumika mtungi mdogo wa chuma, na asilimia 20 ya nafasi yake huachwa tupu. Kimiminika hutanuka kikipata joto, na mtungi uliojazwa pomoni unaweza kupasuka mezani kwa mpimaji.

Wasomaji wa Geita, Tarime na Chunya wanayajua matangi ya sianidi ya kuchenjulia dhahabu. Humo chokaa huwekwa ili pH isishuke chini ya 10, kwani ikishuka sianidi hugeuka gesi ya kuua. Kanuni hiyo huifuata sampuli hadi ndani ya chupa. Aliyezoea kupima metali kwenye maji hutia tone la asidi ya naitriki ili sampuli isiharibike. Akifanya hivyo kwa sianidi, amejitengenezea gesi hiyo mwenyewe. Sampuli ya sianidi huhifadhiwa kwa soda kali, na lebo iseme hivyo kwa maandishi makubwa.

Kama una mtambo, kesho nenda na opereta wa zamu mpaka kwenye kila koki ya sampuli. Mwulize ni ipi inafunguliwa kwanza, na hii ya nje ikiganda, ni ipi atakayoifunga na atasimama wapi akiifunga. Akisita kujibu, simamisha uchukuaji wa sampuli pale hadi bomba hilo lirekebishwe.